Maisha ya Eugene Wigner na ugonjwa wa vyuma vya reakteri



Mara hii ukurasa wetu wa watu wakubwa hautaongea juu ya mfalme wala juu ya askari. Utaongea juu ya mtu wa masomo, Eugene Wigner, aliyezaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 17 Novemba 1902. Kwao walimwita Jenő. Wale wa sita sayansi pengine wamekwisha kusikia jina lake juu ya tuzo ya Nobel ya fizike ya mwaka 1963. Lakini mimi sikumchagua juu ya ile tuzo. Nilimchagua juu ya swali moja alilouliza mwisho wa 1942. Wakati ule wenzake wote walikuwa wanajiuliza kama moto wa atomu utawaka ao hautawaka. Yeye akauliza neno lingine: huo moto ukiisha kuwaka, kile kitu kinachoushika ndani kitakuwa namna gani kisha miaka?

Baba yake, Antal, alikuwa mkubwa wa kiwanda cha kutengeneza ngozi. Nyumbani chakula hakikukosa, lakini afya ilisumbua. Alipokuwa na miaka 11 waganga walisema ana kifua kikuu, wakamtuma Austria mlimani katika nyumba ya wagonjwa. Akalazwa kule majuma sita juu ya kiti kirefu, amekatazwa kukimbia na kucheza. Mtoto mwingine angelia tu. Yeye alitafuta namna ya kuchora pembetatu kama umepewa vimo vyake vitatu na hakuna kitu kingine. (Wale wa darasa la nne wajaribu, wataona kama ni mchezo.) Kisha waganga wakasema walidanganyika, hakuwa na kifua kikuu hata kidogo.

Masomo ya sekondari aliyafanya katika shule ya Waprotestanti, ile shule ya Walutheri ya Budapest. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na wazazi waliingia katika kanisa la Kilutheri wakati yeye alikuwa karibu kumaliza. Ile shule haikubagua mtoto juu ya dini ya baba yake. Walimu wake walikuwa wakali na wapole pamoja. Mwalimu wa hesabu, László Rátz, aliona mapema kwamba huyu kijana anasoma mbele ya darasa, akawa anamwazima mabuku yake mwenyewe, moja moja. Kwa mwanafunzi mwingine, John von Neumann, aliyekuwa darasa moja chini ya Wigner, Rátz alifanya zaidi: alimfundisha pembeni, nyumbani. Wigner alijua toka siku zile kwamba yule mdogo anamshinda katika hesabu, na hakuficha. Walibaki marafiki mpaka von Neumann alipokufa mwaka 1957. Picha ya Rátz ilikaa ukutani katika ofisi ya Wigner kule Marekani miaka mingi, hata alipokuwa mzee mwenye tuzo ya Nobel.

Alipomaliza sekondari alimwambia baba yake kwamba anataka kuwa mtu wa fizike. Baba akamwuliza Hungaria nzima kuna kazi ngapi za namna ile. Kijana akajibu nne, na hata hapo alikuwa ameongeza kidogo. Basi baba akaamua asomee injenieri wa kemia, apate kurudi kiwandani. Wengi wetu tunajua mazungumzo ya namna hii nyumbani, zaidi mwaka huu wa mtihani wa serikali. Wigner alitii. Alikwenda Berlin mwaka 1921, akasoma kemia mchana, na jioni aliingia katika mikutano ya watu wa fizike, pale walipokuwa wanakaa Einstein na Planck katika mistari ya mbele. Mwaka 1925 akapata udaktari, akarudi kweli katika kiwanda cha ngozi. Kazi ya ngozi haikumwingia. Mwaka uliofuata alipata barua ya kumwita Berlin kuwa msaidizi, na baba, ingawa hakufurahi, akamwacha aende.

Nataka tusimame kidogo hapa Berlin, juu ya mtu aliyemwongoza katika ule udaktari. Jina lake Michael Polanyi, naye mtu wa Budapest. Polanyi alipenda kujua sababu gani chuma kinakunjika. Neno hili linaonekana la kitoto, lakini mbele ya 1934 hakuna aliyeweza kulijibu vizuri. Chuma ni kristali, ni kusema atomu zake zimepangwa mistari kwa mistari sawa wanafunzi asubuhi mbele ya bendera. Ukipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kusukuma mstari mzima juu ya mwingine kwa mara moja, unapata nguvu kubwa sana. Lakini fundi wa majembe anakunja chuma kwa nyundo na mkono wake tu. Mwaka 1934 watu watatu, kila mmoja kwa upande wake, walitoa jibu moja: Polanyi, Orowan ambaye pia ni mtu wa Budapest, na Mwingereza Taylor. Walisema mistari ya atomu haikamiliki. Mahali pengine mstari unakatika katikati, na pale panakuwa sawa mkunjo.

Fikirini turubai kubwa iliyolowa maji, imetandikwa chini. Kuivuta yote mara moja inachosha watu wanne. Lakini ukifanya mkunjo mdogo upande mmoja na kuusukuma kwa mguu mpaka upande wa pili, turubai imesogea, na umefanya peke yako. Chuma kinakunjika vile vile: mikunjo midogo inatembea ndani yake. Sasa weka mawe hapa na pale juu ya turubai. Mkunjo ukifika penye jiwe unasimama. Turubai imekuwa ngumu kusogeza. Shikeni vizuri huu mfano wa mawe, tutaurudia.

Wigner alifika Marekani, Princeton, mwaka 1930. Hitler alipochukua utawala mwaka 1933, mlango wa kurudi Ujerumani ulifungwa kwa mtu wa damu ya Kiyahudi. Mwaka 1936 alioa Amelia Frank, naye mwalimu wa fizike. Haukupita mwaka, mama yule akafa kwa kansa. Wigner hakupenda kuliongea jambo hili. Mwaka 1941 alioa Mary Wheeler, wakazaa watoto wawili.

Sasa neno linalotugusa sisi. Julai 1939, Wigner na rafiki yake Leo Szilard walipanda motokari kutoka New York kwenda kumtafuta Einstein kando ya bahari, kule alipokuwa anapumzika. Walipotea njia, mpaka mtoto mmoja barabarani akawaonyesha nyumba. Safari ile ilikuwa juu ya Kongo. Walijua kwamba uraniumu nyingi ya dunia inatoka Kongo ya Wabelgiji, nao waliogopa Wajerumani wasiikamate kupitia Ubelgiji. Einstein alimfahamu malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ndiyo sababu walimwendea. Siku ile Einstein alisema barua kwa Kijerumani, Wigner akaiandika, ya kupeleka kwa Wabelgiji. Baadaye ule mpango uligeuka, ikaandikwa ile barua inayojulikana, ya tarehe 2 Agosti 1939, kwa prezida Roosevelt. Hata ndani yake Kongo imetajwa. Lile jiwe lilikuwa la Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1000 zake zilikuwa zimekwisha kufika New York kwa meli. Waliolichimba walikuwa baba na babu za watu wa Katanga, na mabuku ya fizike hayana majina yao.

Tarehe 2 Desemba 1942, Chicago, chini ya uwanja wa michezo, Fermi na wenzake waliwasha reakteri ya kwanza. Wigner alikuwepo. Alitoa chupa ya divai ya Italia aliyoinunua zamani, juu alifikiri mapema kwamba vita itaifanya ikosekane. Juu ya divai hatutaongea mingi katika gazeti hili. Lakini muone mtu alivyokuwa: alinunua kitu mbele ya haja.

Ni tabia ile ile aliyotumia katika swali lake. Ile reakteri ilijengwa kwa grafiti, kitu kile kile kilicho ndani ya kalamu ya risasi. Kazi ya grafiti ni kupunguza mbio za neutroni. Na Wigner, injenieri wa kemia, akajiuliza: kama grafiti inapunguza mbio za neutroni, basi ni atomu za grafiti zinazopigwa. Zitavumilia mpaka lini? Alipiga hesabu akaona kwamba neutroni ya mbio inaweza kung'oa atomu mahali pake, nayo ile atomu ikang'oa zingine. Grafiti itavimba, itabadilika, tena itaweka ndani yake nguvu iliyofichwa. Wakati ule hakuna aliyekuwa ameona jambo hili kwa macho, na Szilard akaliita ugonjwa wa Wigner.

Wigner njo aliongoza watu waliochora reakteri kubwa za Hanford, katika Jimbo la Washington, zinazopozwa kwa maji. Kampuni ya DuPont ilipewa kazi ya kujenga. Injenieri wake waliongeza bomba za uraniumu kutoka 1500 kufika 2004, na Wigner alikasirika, alisema wanapoteza wakati. Septemba 1944 reakteri ikawashwa, ikazimika yenyewe, juu xenoni iliyozaliwa ndani ilikuwa inakula neutroni. Zile bomba za kuongeza ndizo zilizookoa kazi. Hapa DuPont walikuwa na haki, yeye hapana. Lakini juu ya grafiti yeye ndiye aliyekuwa na haki: ilivimba, bomba zikaanza kupinda, na Machi 1946 reakteri ya kwanza ya Hanford ilisimamishwa kusudi isiharibike yote. Ilirudishwa kazini 1948.

Plutoniumu ya Hanford iliingia katika bomu la Nagasaki, tarehe 9 Agosti 1945. Mwezi uliotangulia, Wigner alikuwa ametia mkono katika barua ya Szilard iliyoomba prezida asitumie bomu juu ya Wajapani kabla ya kuwaonyesha masharti na kuwapa nafasi ya kukubali kushindwa. Barua haikusikilizwa. Ni lazima tuandike mambo yote mawili.

Tuje sasa kwa chuma chenyewe. Kisha vita, miaka ya 1946 na 1947, Wigner aliongoza utafiti katika laboratware ya Oak Ridge, akaanzisha huko mafunzo ya reakteri. Katika mazingira yale Alvin Weinberg, mwanafunzi wake wa kazi, alisukuma mawazo ya reakteri ya maji yenye shinikizo kubwa. Ile ndiyo iliingia katika manowari ya Nautilus mwaka 1954 na katika kiwanda cha umeme cha Shippingport mwaka 1957, na mpaka leo reakteri nyingi za umeme duniani ni za ukoo ule. Moto wake unakaa ndani ya chungu kikubwa cha chuma cha pua, ukuta wake unene wa karibu sentimita 20, na maji ya ndani yanasukuma mara 150 kupita hewa tunayovuta. Bomba linaweza kubadilishwa, na pompi pia. Chungu hakibadilishwi. Kikiharibika, reakteri imekwisha.

Wa sita, chukueni kalamu. Neutroni ina uzito 1, atomu ya chuma 56. Kwa sheria ya mgongano mliyojifunza, neutroni inaweza kumpa mwenzake, kwa pigo la uso kwa uso, sehemu 4 mara 56 gawanya kwa 57 mara 57, ni kusema karibu asilimia 7 ya nguvu yake. Inaonekana kidogo. Lakini neutroni ya elektronivolti milioni moja basi inatoa karibu elfu 70, na kung'oa atomu ya chuma mahali pake kunataka karibu 40 tu. Ile atomu iliyopigwa inaondoka na deni kubwa la nguvu, inalilipa kwa kupiga majirani, nao majirani zao. Ni sawa mtu akiingia mbio katikati ya mistari yetu ya bendera. Mamia wanasukumwa, wengi wanarudi katika nafasi ya karibu, hata kama siyo ile yao. Yote hayo yanakwisha kabla sekunde haijagawanyika mara bilioni. Lakini wachache wanabaki wamejibana kati ya mistari, na nafasi zao zinabaki tupu.

Wale waliojibana, na zile nafasi tupu, wanakusanyika vikundi vikundi. Na vile vikundi njo mawe ya turubai yetu. Mkunjo wa chuma ukitaka kutembea, unagonga. Kwa hiyo chuma kilichokaa miaka mbele ya neutroni kinakuwa kigumu zaidi kuliko kilipotoka kiwandani. Mtu atasema: basi ni faida, ukuta umepata nguvu! Hapana. Fundi wa panga anajua. Panga lililozamishwa majini likiwa la moto, bila kurudishwa kidogo kwenye moto, ni gumu sana, na siku likipiga jiwe linavunjika vipande viwili. Chuma kinachoweza kukunjika kinatoa alama kwanza, kinavumilia ufa mdogo. Chuma kilichokuwa kigumu hivi hakitoi alama. Zaidi ya hayo, kila chuma cha namna hii kina baridi yake ambayo chini yake kinavunjika sawa kioo, na neutroni zinaipandisha hiyo baridi mwaka kwa mwaka. Hatari ni siku ya ajali, kama maji baridi ya kuokoa moyo wa reakteri yanaingia kwa ghafula ndani ya chungu cha moto: ni gilasi ya chai inayotiwa maji ya mtungi.

Na shaba, ile inayolisha miji yetu ya Katanga, katika jambo hili ni adui. Katika reakteri za zamani, waya wa kusude zile pete kubwa za chungu ulipakwa shaba kusudi usishike kutu. Shaba ikaingia katika chuma, pengine sehemu 3 katika 1000. Ni kidogo, lakini nafasi tupu zilizofanywa na neutroni zinasaidia atomu za shaba kutembea, zinakutana, zinafanya vidonge vidogo vigumu, mawe juu ya mawe. Ilipojulikana, viwanda vilipunguza shaba chini ya sehemu 1 katika 1000.

Namna ya kulinda ni rahisi kueleza. Siku chungu kinapojengwa, wanakata vipande vya chuma kile kile, vya urefu wa milimita 55 na upana wa milimita 10, wanavichonga alama ya V, wanavifunga katika vikopo na kuvitundika ndani, karibu na moto kuliko ukuta wenyewe. Hivyo vinazeeka mbele ya ukuta. Kila kisha miaka fulani wanatoa kikopo, wanavunja vipande kwa nyundo inayoning'inia, kipimo cha Mfaransa Charpy, na wanajua ukuta utakuwa namna gani miaka ijayo. Pengine wanakuta habari mbaya. Reakteri ya Yankee Rowe, katika Massachusetts, ilisimamishwa mwaka 1991 na kufungwa kabisa mwaka 1992, juu hawakuweza kuhakikisha chungu chake. Warusi walichagua njia ya fundi wa panga: mwaka 1987, kule Novovoronezh, walipasha chungu moto kupita digri 400 siku kadhaa, atomu zikapata nguvu ya kurudi katika mistari, na ugumu ukapungua.

Ile dawa ya moto iliwahi kuleta ajali pia. Reakteri ya Windscale, Uingereza, ilikuwa ya grafiti iliyopozwa kwa hewa. Oktoba 1957 wafanyakazi waliipasha moto kusudi watoe ile nguvu iliyofichwa ambayo Wigner aliitabiri. Moto ukawashinda. Tarehe 10 Oktoba waliona uraniumu inawaka, na maziwa ya mashamba ya kando yalimwagwa majuma mengi.

Wigner mwenyewe alirudi Princeton mwaka 1947, kwa fizike yake. Tuzo ya Nobel ya 1963 ilikuwa juu ya kazi nyingine, sheria za ulinganifu ndani ya atomu. Aliipata nusu, na nusu nyingine ilikwenda kwa Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen. Watu wote waliomjua wanasimulia adabu yake. Mlangoni hakukubali kupita wa kwanza, hata mbele ya mwanafunzi. Katika siasa alikuwa mkali: aliogopa Warusi, alitaka Marekani ichimbe mahandaki ya kuficha watu siku ya vita vya atomu, na wenzake wengi walimpinga. Mimi pia naona handaki si jibu, lakini mtu aliyekimbia nchi mbili ana sababu zake.

Aliacha kufundisha mwaka 1971. Mary alikufa 1977, naye akaoa tena 1979. Katika miaka ile ya uzee, kule Lovanium, Kinshasa, reakteri ya kwanza ya Afrika, iliyowashwa 1959, ilikuwa imekwisha kumwachia nafasi mdogo wake, Trico ya pili ya mwaka 1972. Wigner alifia Princeton tarehe 1 Januari 1995, kwa ugonjwa wa mapafu, mwenye miaka 92. Amezikwa kule kule.